Uzio, mwiko, zamu au mahakama: njia ipi inaufaa msitu wenu?

Neno letu "mazingira" limetoka kwenye kuzinga. Linamweka mtu katikati, halafu miti, maji na wanyama wanamzunguka. Wamaori wa New Zealand wana neno "whenua", nalo lina maana mbili zisizotengana: ardhi, na kondo la nyuma la mtoto. Kwa desturi yao kondo hilo huzikwa ardhini, kwa hiyo Mmaori anapotaja whenua yake, neno ni lilelile kwa kilichomlisha tumboni na kinachomlisha sasa. Nimeanza na maneno haya kwa sababu kanuni za kulinda msitu au mto huanzia hapa, kabla kamati haijaundwa na muhuri haujachongwa.

Nawaandikia watu walio na uamuzi mkononi: kikundi kilichokabidhiwa kipande cha msitu, wazee na vijana wasioelewana kuhusu chemchemi, wavuvi wanaoona nyavu zinarudi nyepesi mwaka hadi mwaka. Vikao vya namna hii huanza na swali la tuweke sheria gani, tutoze faini kiasi gani. Swali lililopaswa kutangulia linarukwa: mahali hapa ni nini kwetu? Ni mali? Ni kaburi la babu? Ni ghala? Ni ndugu? Jamii mbalimbali duniani zimelijibu kwa namna tofauti sana, na kila jibu limezaa namna yake ya ulinzi. Hapa nalinganisha nne ambazo kikundi chochote kinaweza kuziiga: uzio, mwiko, zamu na mahakama.

Jambo moja kwanza, maana linapotosha watu wengi. Hakuna kabila wala taifa lililozaliwa likiwa mlinzi wa asili. Wahenga wa hao Wamaori walipofika New Zealand walikuta moa, ndege wakubwa wasioruka, spishi tisa. Ndani ya karne mbili hivi moa wote walikuwa wamekwisha kwa kuwindwa. Baadaye ndipo tunawakuta wakiwa na desturi ya rahui, yaani kufunga sehemu ya bahari au msitu kwa muda ili ipumzike. Heshima kwa asili hufundishwa, na mara nyingine hufundishwa na hasara. Basi msiseme "sisi utamaduni wetu sio huo". Utamaduni wa kulinda unaweza kuanza kwenu leo.

Uzio

Tarehe 1 Machi 1872 Rais Ulysses Grant wa Marekani alitia saini sheria ya kutenga Yellowstone, eneo la karibu kilomita za mraba 9,000, liwe hifadhi ya taifa. Fikra iliyolibeba wazo hilo ni kwamba asili hukamilika pale ambapo mtu hayupo. Mtu aje kama mgeni, atazame, aondoke.

Lakini mtu alikuwepo. Washoshone waitwao Tukudika waliishi katika milima hiyo wakiwinda kondoo wa porini, na kabla ya miaka ya 1870 kwisha walikuwa wameondolewa. Kuanzia 1886 hadi 1918 hifadhi ililindwa na jeshi. Njia hii imeenea dunia nzima na imefika Afrika Mashariki pia: Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 Wamasai waliokuwa ndani yake wakahamishiwa upande wa Ngorongoro, ambako sheria iliwaruhusu kuishi na mifugo yao pamoja na wanyamapori.

Nisiwe mwizi wa fadhila. Mwaka 1902 baisani, yule nyati wa Amerika, walikuwa wamebaki 23 hivi ndani ya Yellowstone, baada ya mamilioni kuuawa kwenye nyika za bara hilo. Bila mpaka na askari, hata hao 23 wasingepona. Pale kiumbe kinapokuwa kimefika ukingoni na bunduki ziko nje zinasubiri, uzio ndio njia ya haraka kuliko zote, na haraka ndiyo inayotakiwa.

Udhaifu wake ni kwamba unamgeuza mlinzi wa jana kuwa mhalifu wa leo. Yule aliyejua mahali wanyama wanaponywea maji, aliyejua mti upi huzaa mwezi upi, sasa akionekana humo anakamatwa. Na maarifa yake hayahamii kwa askari aliyekuja kwa mkataba wa miaka miwili.

Mwiko

Pwani ya Kenya, kwenye ukanda wa zaidi ya kilomita 200, kuna misitu ya kaya za Wamijikenda. Zamani ilikuwa vijiji vyenye ngome katikati ya msitu. Watu walihama taratibu, hadi kufikia miaka ya 1940 hakuna aliyebaki akiishi humo, ila makaburi yalibaki na fingo, kinga iliyozikwa na waasisi, ilibaki pia. Ukiingia kaya unapita njia iliyowekwa. Hukati mti. Hata gogo lililoanguka lenyewe na kukauka hulichukui kwa kuni, na mbuzi hawaingizwi kulisha. Wanaoshika amri hizo ni wazee wa kambi, yaani baraza la kaya, na hawana bunduki wala gari. Kuzunguka misitu hiyo kuna mashamba, barabara na viwanja, na bado ndani yake mna miti ambayo kwingineko pwani ni adimu kuiona.

Ukitaka kujua mwiko unaweza kumfikisha mtu wapi, kuna kijiji cha Khejarli huko Rajasthan, India. Wabishnoi ni wafuasi wa kanuni 29 walizoachiwa na mwalimu wao Jambheshwar tangu karne ya 15, na mojawapo inakataza kukata mti mbichi. Mwaka 1730 watu wa mfalme wa Jodhpur walikuja kukata miti ya khejri ili wapate kuni za kuchomea chokaa ya jumba lake. Mwanamke aitwaye Amrita Devi alikumbatia mti akakatwa pamoja nao. Wakafuata binti zake, kisha wanakijiji wengine, hadi wakahesabiwa 363. Ndipo mfalme akasimamisha ukataji. Hakuna hifadhi yenye askari wa kutosha kuzaa ulinzi wa namna hiyo.

Mwiko hauna gharama ya mishahara, haulali, na unamlinda hata mti usio na faida yoyote kwa mtu. Hapo unazishinda njia nyingine zote. Lakini unasimama juu ya kitu kimoja tu, nacho ni imani, na imani ikiyeyuka mwiko hauachi hata kigingi. Kaya ziliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Mwaka uliofuata, 2009, mila zenyewe zinazohusu kaya ziliwekwa kwenye orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa kwa dharura. Miti ilipata cheti, na mwaka mmoja baadaye ikaonekana kwamba waliokuwa wakiilinda ndio walio hatarini zaidi. Kijana ambaye haamini kwamba waliozikwa humo wanamwona, kwake gogo kavu ni kuni.

Ndiyo maana napenda walichofanya Waethiopia wa nyanda za juu za kaskazini. Huko misitu ya asili imefyekwa karibu yote, ila kuzunguka makanisa ya Tewahedo, yaani Kanisa la Kiorthodoksi la huko, utaona duara la kijani, kanisa katikati, miti ya kienyeji pande zote. Waumini wanaamini kanisa lazima livikwe msitu. Tatizo lilikuwa ng'ombe na jembe vinavyoimega kingo kila msimu. Mwanaikolojia Alemayehu Wassie, mzaliwa wa nchi hiyo, alishirikiana na mapadri na wakulima, wakajenga kuta za mawe kuzunguka misitu hiyo. Mawe yalitoka wapi? Mashambani mwao, yaleyale yaliyokuwa yakivunja majembe. Mkulima akabeba jiwe kutoka shambani akaliweka ukutani: shamba likawa rahisi kulima, msitu ukapata mpaka. Imani ndiyo iliyowatoa watu nyumbani, na ukuta unafanya kazi hata kwa asiyeamini.

Zamu

Neno zamu nalitumia kwa upana: watu wanatumia, lakini kwa mpango, kwa kipimo na kwa majira. Hapa asili si mahali patakatifu pasipoguswa, wala si picha ya kutazamwa. Ni ghala la pamoja, na kila mwenye ufunguo anajulikana.

Kijiji cha Törbel kiko milimani huko Uswisi. Wanakijiji waliandikiana mkataba wa malisho na misitu yao mwaka 1483, na kanuni waliyoiweka mwaka 1517 ni hii: mtu asipeleke malishoni ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha wakati wa baridi. Itazameni kwa makini. Baridi ya huko ng'ombe hukaa zizini kwa miezi, wakila nyasi ulizokata na kukausha mwenyewe. Kwa hiyo kipimo cha haki yako kwenye malisho ya wote ni nyasi zilizo ghalani mwako. Tajiri hawezi kununua ng'ombe hamsini wakati wa joto, akawanenepesha kwenye majani ya kijiji, akawauza kabla ya theluji. Jirani hahitaji mtaalamu kukukagua, anachungulia zizi lako. Mwanazuoni Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi mwaka 2009, aliutumia mfano wa kijiji hiki kuwajibu waliodai kwamba mali ya wote lazima iharibike isipochukuliwa na serikali au kugawiwa kwa watu binafsi.

Wasukuma wana ngitili. Mvua zinapoisha, sehemu ya malisho inafungwa, majani yanabaki yamesimama, ng'ombe wanaingizwa wakati wa kiangazi kikali pale kwingine kunapokuwa kumebaki vumbi. Shinyanga iliwahi kufyekwa vichaka ili kuua mbung'o, ikalimwa pamba, kisha katika miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijijini, mbali na ngitili zao. Mwenye ngitili akiwa mbali, nani atafunga na nani atafungua? Zikafa nyingi. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986 uliwarudia wenyeji na desturi yao ileile badala ya kuwaletea miche tu. Ngitili zilizokuwa zimebaki hekta 600 hivi zinakadiriwa kufika zaidi ya hekta 300,000. Miti mingi haikupandwa na mtu. Visiki na mizizi vilikuwa hai chini ya ardhi, vilingoja kupumzishwa tu. Na anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati anaitwa mbele ya dagashida, mkutano wa kimila, na sungusungu ndio wanaolinda.

Kasoro ya zamu ni uchovu. Inataka vikao, inataka mtu wa kuandika, inataka ujasiri wa kumtoza faini shemeji yako. Na haijui kukilinda kisicholiwa wala kuuzwa: popo, nyoka, mmea usio dawa. Hakuna anayekaa zamu kwa ajili ya chura.

Mahakama

Machi 2017 bunge la New Zealand lilipitisha sheria inayoutambua mto Whanganui, kutoka milimani hadi baharini, kuwa mtu kisheria. Mto unaweza kushtaki. Una wasemaji wawili, mmoja ameteuliwa na serikali, mwingine na makabila ya mto huo. Watu wa Whanganui walikuwa wakipeleka madai yao tangu miaka ya 1870, na msemo wao ni "Ko au te awa, ko te awa ko au": mimi ni mto, mto ni mimi. Sheria haikuwapa msemo huo, iliusikia tu baada ya zaidi ya miaka 140.

Mwezi uleule, Machi 2017, Mahakama Kuu ya jimbo la Uttarakhand nchini India iliamua kwamba mito ya Ganga na Yamuna nayo ni watu kisheria. Kufika Julai Mahakama ya Juu ya India ilikuwa imeusimamisha uamuzi huo. Jimbo liliuliza swali gumu: maafisa waliotajwa kuwa walezi wa mto, je, watashtakiwa mto ukifurika na kuzamisha nyumba za watu? Na mto unaopita majimbo kadhaa, msemaji wake ni afisa wa jimbo moja?

Tofauti ya mito hii miwili ndiyo somo lote la njia hii. Ganga unaabudiwa na mamia ya mamilioni ya watu, haukosi heshima. Ilichokosa amri ile ni mtu anayejulikana, aliyekubaliwa na pande zote, mwenye ofisi na fedha, wa kusimama na kusema "mto unataka hiki". Whanganui ilipewa vyote hivyo ndani ya sheria yenyewe, baada ya mazungumzo ya miaka mingi. Haki bila mdomo haisikiki.

Pale mdomo unapokuwepo, nguvu yake ni kubwa. Katiba ya Ecuador ya mwaka 2008 inaipa haki Pachamama, yaani asili yenyewe. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliitumia kusimamisha uchimbaji wa madini ndani ya msitu wa Los Cedros. Mwiko usingemzuia mwenye kibali cha madini. Zamu isingemgusa, yeye si mwanachama.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kuchagua

La kwanza: anayeharibu yuko wapi? Kama ni sisi wenyewe, panga zetu na mbuzi wetu, basi kukimbilia mahakamani ni kujikwepa. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Jibu liko kwenye mwiko au zamu, kwa watu wanaoonana kila siku. Kama ni kampuni, bwawa, au kiwanda kilicho kilomita mia juu ya mto, mnaweza kuwa na zamu nzuri kuliko zote duniani na maji yakaendelea kuja machafu. Hapo tafuteni mwanasheria mapema, na tafuteni wa kuwasemea kabla ya kutafuta hati.

La pili ndilo ninalolipa uzito kuliko yote, na ndilo linalosahauliwa: je, mahali hapo pamezoea mikono ya watu?

Kaskazini mwa Australia, kwenye uwanda wa juu wa Arnhem Land magharibi, Waaborijini walichoma nyasi kidogo kidogo mwanzoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa bado na unyevu. Moto wa wakati huo unatambaa, unazimika wenyewe usiku ukipata umande, unaacha viraka vyeusi na viraka vya kijani. Karne ya 20 watu walihamia misheni na mijini. Nchi ikabaki tupu. Majani yakarundikana, na moto ukaanza kuja mwishoni mwa kiangazi, mkubwa, wa wiki nyingi, unaoua hata miti iliyozoea moto. Tangu mwaka 2006 wenyeji wamerudi kuchoma kwa utaratibu wa zamani, wakishirikiana na wanasayansi, na mwanzoni wakilipwa na kampuni ya gesi kwa gesi za joto zilizopungua angani. Mtu wa uzio angepita pale nchi ikiwa tupu akasema sasa asili imepumzika. Ilikuwa inaungua.

Mfano mwingine ni mlembe, ndege mdogo anayewaongoza watu kwenye mizinga ya nyuki. Huko Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, Myao anayetafuta asali hutembea akitoa mlio ambao hautumii kwa kazi nyingine: mtetemo wa ulimi, "brrr", unaoishia na mguno mfupi, "hm". Mlembe akiusikia anakuja, anaita, anaruka mti hadi mti, na mtu anafuata. Mtu anafukiza moshi na kupasua gogo, anachukua asali, anamwachia ndege nta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipima jambo hili: mlio huo uliongeza uwezekano wa kufika kwenye mzinga kutoka takriban asilimia 16 hadi 54, ukilinganisha na sauti nyingine za kiwango kilekile. Ndege huyu hafugwi. Hakuna aliyemkamata akamfundisha. Na pale watu walipoacha kutafuta asali porini, imeonekana mlembe naye anaacha kuwaita. Wahadza wa Tanzania wanamwita kwa mluzi, si kwa mtetemo, kwa hiyo hata lugha ni ya mahali. Uzio ukishuka katikati ya watu na ndege hawa, hakuna mnyama atakayekufa siku hiyo, na hesabu ya wanyama itasoma vizuri. Kitakachokufa hakihesabiwi na mtu yeyote.

Kwa hiyo kabla hamjaandika "ni marufuku kuingia", kaeni na wanaoingia. Mkata ukindu, mpiga mzinga, mama anayechuma uyoga, mchungaji. Muulizeni kila mmoja anafanya nini humo, mwezi gani, na akiacha kuna nini kitabadilika. Majibu mengine yatawaonyesha uharibifu. Mengine yatawaonyesha kazi ambayo msitu umeitegemea miaka mingi bila ninyi kujua.

La tatu: mwiko wenu uko hai, au umebaki hadithi ya kuwasimulia wageni? Pimeni kwa vijana, msipime kwa wazee. Kama kijana wa miaka ishirini bado anasita kuvunja tawi pale hata asipoonwa, msiuguse mwiko huo. Msiubadilishe kuwa kifungu cha sheria ndogo chenye faini, kwa sababu mara tu kosa linapopata bei, mwenye fedha anaweza kulinunua. Ongezeni ukuta nje, kama Ethiopia, imani iendelee ndani. Kama umekufa, msijifanye unaishi.

La nne ni fupi: nani atalala njaa mkifunga? Kama hamna jibu, hamjawa tayari kufunga.

Ningechagua ipi

Kwa vikundi vingi, ningeanza na zamu. Sababu yangu ni kwamba ni njia pekee kati ya hizi nne inayoweza kuanzishwa na watu wa kawaida, kwa kile wanachokijua tayari, na ikakosolewa na kurekebishwa msimu ujao bila kumngoja mtu kutoka mbali. Uzio ningeutenga kwa kiini kidogo: mahali pa kutagia, chanzo chenyewe cha chemchemi, mmea uliobaki mahali pamoja, na kwa ridhaa ya waliokuwa wakipatumia. Mahakama ningeitafuta pale tu adui ni mkubwa na yuko mbali. Mwiko hauwezi kuanzishwa kwa azimio la kikao, kwa hiyo aliye nao autunze na asiye nao asiuigize.

Na njia hizi zinahama. Te Urewera, msitu wa Watuhoe huko New Zealand, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1954 na wenyewe wakabaki wageni kwao. Mwaka 2014 sheria iliuondoa kwenye hifadhi za taifa na kuutambua kuwa mtu kisheria, wenyeji wakiwa kwenye bodi inayousimamia. Uzio ulidumu miaka sitini, ukatoka. Kwa hiyo msiogope kwamba mkichagua leo mmefungwa milele.

Kama bado hamuelewani, fungeni kitu kidogo kwa muda mfupi. Kusini magharibi mwa Madagascar kuna kijiji cha Andavadoaka, cha Wavezo, watu wa bahari. Mwaka 2004 walikubaliana kufunga sehemu moja ya mwamba wasivue pweza kwa miezi michache. Hawakufunga bahari, na sehemu nyingine walivua kama kawaida. Walimchagua pweza kwa sababu anakua upesi kuliko karibu kila kiumbe wanachokivua, kwa hiyo jibu lingeonekana kabla uvumilivu haujaisha. Siku ya kufungua, maji yalipokupwa, watu walishuka na mikuki yao pale walipokuwa wameacha, wakakuta pweza wakubwa kuliko waliozoea. Vijiji jirani viliuliza, vikaja kuona, vikafunga sehemu zao. Baadaye waliandika dina, sheria zao za kimila, kuhusu nyavu, mikoko na mipaka, wakaunda eneo la bahari wanalolisimamia wenyewe, Velondriake. Waliyaandika hayo yote wakiwa wamekwisha mshika pweza mkononi.